Wajibu wa Kuwafunza Watoto Habari za Maradhi ya Akili

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa akili, akaifanya mlango wa taklifu na taa ya kuijulia haki. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na watu wa nyumba yake na Sahaba zake, na kila awafuataye kwa wema hata siku ya Kiyama.

Ama baada ya haya. Katika nchi ya Marekani, jimbo la New York lilitunga sheria iliyotiwa saini mwaka 2016 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2018, ya kwamba somo la afya katika skuli zake lisiwe la mwili peke yake, bali wanafunzi, wadogo kwa wakubwa, wafunzwe na habari za afya ya akili. Kabla ya hapo somo hilo liliwaonya watoto juu ya ulevi, tumbaku na madawa ya kulevya. Ugonjwa wa akili haukutajwa katika sheria. Mwaka ule ule wa 2018 jimbo la Virginia nalo lilipitisha sheria ya namna hiyo kwa wanafunzi wa darasa la tisa na la kumi. Aliyeupeleka mswada wa Virginia barazani ni Seneta Creigh Deeds. Mwanawe alikuwa mgonjwa wa akili, na mwaka 2013 alijiua, siku moja tu baada ya kukosekana kitanda cha kumlaza hospitali. Msiba wa baba huyo ukawa sababu ya watoto wa wengine kufunzwa.

Msomaji wa pwani aweza kuuliza: Hayo ni ya Marekani, yamhusu nini Mwislamu wa Lamu, au Mombasa, au Tanga, au Unguja? Jawabu ni kwamba ugonjwa wa akili haukuanzia Marekani, wala nyumba za pwani hazikusalimika nao. Kila mtaa una mtu wake anayefuatwa na watoto kwa mawe na vigelegele. Na ziko nyumba nyingi zenye chumba cha nyuma kisichofunguliwa mbele ya wageni. Hao watoto warushao mawe ni watoto wa nani, na ni nani aliyewafunza? Hili ndilo swali la kijitabu hiki, na jawabu lake ni kwamba kuwafunza watoto habari za maradhi haya ni jambo jema lenye asili katika sharia, na ya kwamba kuliacha kumekwisha kuwaangamiza wengi.

LINALOFUNZWA NI NINI

Hapana budi kulijua jambo kabla ya kulihukumu. Somo hilo halimfanyi mtoto kuwa tabibu. Linamfunza mambo manne.

La kwanza, ya kwamba akili huugua kama linavyougua jicho au ini, na ugonjwa wake una sababu. Nyingine ni za ukoo, nyingine ni za misiba na mateso ya utotoni, nyingine ni za vileo na bangi, na aghalabu hukutana sababu zaidi ya moja.

La pili, dalili zake. Iko huzuni iliyokithiri, ambayo matabibu wa leo huiita sonona. Hiyo humkalia mtu majuma mawili na zaidi, ikamwondolea usingizi na hamu ya chakula na ladha ya kila alichokuwa akikipenda. Iko hofu isiyo na sababu, impandayo mtu kifuani hata akadhani ya kuwa anakufa. Uko wasiwasi umrudishao mtu birikani kutawadha mara kumi, na bado asiwe na yakini ya udhu wake. Na uko ugonjwa wa kusikia sauti wasizozisikia wengine na kuamini mambo yasiyokuwako, ambao aghalabu humwanza mtu katika ujana wake.

La tatu, amwendee nani aonapo dalili hizo kwake au kwa mwenziwe.

La nne, adabu ya kukaa na mgonjwa: asimcheke, asimwite kwa jina baya, asimwache peke yake.

Na sababu ya kufunzwa skulini ni kwamba umri wa skuli ndio umri wa kuanza kwa maradhi haya. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema ya kwamba katika kila vijana saba wa miaka 10 mpaka 19, mmoja ana maradhi ya akili. Na utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2021, uliokusanya habari za nchi nyingi, ulionyesha ya kwamba karibu theluthi ya maradhi hayo huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14, na karibu nusu yake kabla hajatimiza miaka 18. Basi huanza mtoto angali na juzuu yake mkononi.

Mfano wake ni kijana wa miaka kumi na sita, aliyekuwa mwepesi wa kuhifadhi, mara akawa hahifadhi. Halali usiku. Ajitenga na wenziwe, azungumza peke yake, ahisi ya kuwa watu wamtazama na kumsema. Baba asema ni uvivu, akatia bakora. Mwalimu asema ni utovu wa adabu. Majirani wasema amerogwa. Wenziwe wamcheka. Na yeye mwenyewe hana neno la kuyaeleza yaliyompata, kwani hakuna aliyempa neno hilo. Hupita mwaka, ikapita miwili, na matabibu wamekwisha kuhakikisha ya kwamba ugonjwa wa namna hii kadiri ukaavyo bila ya dawa ndivyo kupona kuwavyo kugumu. Miaka hiyo hakuila ugonjwa peke yake. Ujinga wa waliomzunguka umeila pamoja nao.

YALIYOMO KATIKA VITABU VYA FIQHI

Wako wasemao ya kwamba elimu hii ni ngeni kwa Waislamu. Hao hawakutazama vitabu vilivyo katika rafu za misikiti yao.

Mtoto wa pwani aanzapo kusoma Safinatun Najaa ya Sheikh Salim bin Sumeir, hukutana na ugonjwa wa akili mapema sana. Katika yatanguayo udhu, la pili ni kuondokewa na akili kwa usingizi au kwa jambo jingine. Katika mlango wa saumu hufunzwa ya kwamba wazimu huibatilisha saumu ijapokuwa ni wa kitambo kidogo. Hayo huyahifadhi kwa moyo naye bado mdogo. Lakini akiuliza, wazimu ni nini na humpataje mtu, mara nyingi hujibiwa kwa kicheko au huambiwa anyamaze. Hivyo huijua hukumu ya kitu asichokijua. Na wanavyuoni wa usuli wamekubaliana ya kwamba kukihukumia kitu ni tawi la kukifahamu kwanza. Basi mwalimu amfunzaye mtoto hukumu ya wazimu wala asimfunze wazimu ni nini, amempa tawi akamnyima shina.

Na hukumu zenyewe zimejaa rehema. Imepokewa na Abu Daud na wengineo ya kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alieleza ya kuwa kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni aliyeondokewa na akili mpaka atakapopata fahamu. Kwa hivyo katika madhehebu ya Imam Shafi'i, Mungu amrehemu, mwenye wazimu hadaiwi sala zilizompita katika wazimu wake ambao hakujitia mwenyewe, wala talaka yake haiwi, na apatapo fahamu husuniwa kuoga.

Na Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj ya kwamba mwenye wazimu huzuiliwa kuiendesha mali yake, na kizuizi hicho huondoka pale apatapo fahamu. Hapana sharti la kungoja hukumu ya kadhi. Siku aliyopona ndiyo siku aliyorudi kuwa mtu kama watu: auza na kununua, aoa na kuoza, hupewa amana na huaminiwa.

Tazameni basi tofauti iliyoko baina ya sharia na baraza za mitaani. Sharia yaondoa kizuizi siku ile ile ya kupona. Baraza haiondoi jina hata baada ya miaka ishirini. Mtu amepona, afanya kazi yake, ahudhuria sala ya alfajiri, na bado hutajwa kuwa ni yule mwenda wazimu; binti zake hawaposwi, na neno lake hukatwa kwa kucheka. Aliyeinuliwa kalamu na Mola wake alipokuwa mgonjwa, ameandikiwa na majirani zake akiwa mzima. Dhuluma hii haina asili katika dini, nayo ndiyo iwafanyayo watu kuuficha ugonjwa hata ukakomaa.

Na katika Suratun Nisaa, Mwenyezi Mungu, alipotaja wale wasioweza kuitunza mali, hakuamrisha walishwe na kuvishwa tu, bali aliamrisha na kuambiwa maneno mema. Basi kauli njema ni haki yao kama chakula na nguo zilivyo haki yao.

HUZUNI YA MITUME NA UGONJWA WA IMAM GHAZALI

Wengine husema ya kwamba mwenye imani hashikwi na huzuni wala hofu, na ashikwaye ni mwenye imani pungufu. Kauli hii huvunja moyo uliokwisha kuvunjika, wala si kauli ya mwenye elimu. Nabii Yaakub, amani imshukie, aliyekuwa Mtume mwana wa Mtume, alimlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni, kama ilivyoelezwa katika Suratu Yusuf. Bibi Maryam, mbora wa wanawake, alipopatwa na uchungu wa uzazi peke yake chini ya mtende, alitamani lau angalikufa kabla ya siku ile akawa kitu kilichosahauliwa. Mwenyezi Mungu hakumkemea kwa neno lile. Aliletewa sauti ya kumtuliza, akaonyeshwa maji na tende.

Na Mtume Muhammad mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alikuwa akijilinda kwa Mwenyezi Mungu na hamu na huzuni, kama alivyopokea Bukhari. Na katika dua nyingine, iliyopokewa na Abu Daud kwa Anas bin Malik, alijilinda na mbalanga, na wazimu, na ukoma, na maradhi mabaya. Ayafikirie haya mwenye akili: wazimu umewekwa katika safu moja na mbalanga na ukoma, yaani umehesabiwa kuwa ni ugonjwa kati ya magonjwa. Hakuna asemaye ya kuwa mwenye mbalanga ana imani pungufu. Basi kwa nini lasemwa kwa mwenziwe?

Na katika wanavyuoni wa madhehebu haya haya ya Shafi'i, Imam Ghazali ameandika habari zake mwenyewe katika kitabu chake cha Munqidh. Mwaka 488 wa Hijra, uliolingana na 1095, alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, akihudhuriwa na mamia ya wanafunzi. Akapatwa na dhiki ya nafsi karibu ya miezi sita. Ulimi wake ukafungika. Akawa ajitahidi kusomesha walau siku moja ili kuwaridhisha wanafunzi, na neno halimtoki. Huzuni ikamwingia moyoni, chakula kikawa hakimeng'enyeki, mwili ukadhoofika, hata matabibu wakakata tamaa wakasema ya kwamba jambo hili limeanzia moyoni. Hakuna mwanachuoni aliyemtoa Ghazali katika uimamu kwa ugonjwa ule, na yeye hakuona aibu kuuandika kwa kalamu yake ukasomwa na watu mpaka leo.

Na kabla yake alikuwako Abu Zaid Al-Balkhi, aliyekufa mwaka 322 wa Hijra, yaani 934. Huyu alitunga kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, sehemu yake ya kwanza ikiwa ni ya mwili na ya pili ikiwa ni ya nafsi. Akaeleza habari za ghadhabu, huzuni, hofu na wasiwasi. Akapambanua huzuni ijulikanayo sababu yake na ile isiyojulikana, na kila moja akaipa tiba yake. Akashauri ya kwamba mtu awekavyo dawa nyumbani kabla ya homa, ndivyo ajiwekee na mawazo mema siku ya uzima wake, ayatumie siku ya dhiki. Na hili ndilo lile lile wafanyalo leo hao wa skuli za New York: humfunza mtoto angali mzima, ili siku ya ugonjwa isimkute mikono mitupu.

Kisha Waislamu walijenga nyumba za wagonjwa. Nuruddin Zangi alijenga ya Damascus mwaka 1154, Sultani Qalawun akajenga ya Cairo mwaka 1284, na mwaka 1354 ikajengwa ya Arghun katika mji wa Aleppo, iliyojulikana hasa kwa kuwatunza wagonjwa wa akili, ikawa na nyua na mabirika ya maji ya kuwatuliza. Si kwamba minyororo haikuwako katika nyumba hizo. Ilikuwako kwa wale waliochachamaa. Lakini mgonjwa alihesabiwa kuwa mgonjwa, akawekewa tabibu na chakula na mahali pa kulala kwa mali ya wakfu.

JUU YA PEPO NA DAWA

Kuwako kwa majini ni katika itikadi ya Mwislamu, kwani Kurani imewataja. Lakini kuamini ya kwamba majini wako ni jambo moja, na kumhukumia fulani bin fulani ya kwamba ugonjwa wake umetokana na jini ni jambo jingine, lihitajilo dalili. Na mtu asiyeweza kuitambua homa ya malaria mpaka damu ipimwe, anajuaje kwa kumtazama mtu tu ya kuwa ana pepo?

Kumsomea mgonjwa Fatiha na Ayatul Kursii na dua zilizopokewa ni sunna na baraka, wala hapana tabibu mwenye akili akatazaye. Asiuache Mwislamu msomo huo. Lakini imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi ya kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaamrisha watu wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Na imepokewa na Bukhari na Muslim ya kwamba alieleza juu ya talbina, nayo ni uji wa shayiri, ya kuwa huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Yule aliyeshushiwa Kurani, iliyo ponyo, aliitaja na dawa ya chunguni kwa ajili ya huzuni. Basi amwambiaye mgonjwa aache vidonge vya hospitali kwa kuwa anasomewa, amefarikisha vitu viwili alivyovikusanya Mtume.

Ama kuwachezea pepo ngoma, na kunywesha damu za mbuzi, na kumchapa mgonjwa mpaka azimie kwa madai ya kuwa apigwaye ni jini, hayo ni haramu juu ya haramu. Maumivu huyapata mwana wa Adamu. Na mnyororo nao haujakwisha duniani: shirika la Human Rights Watch katika ripoti yake ya mwaka 2020 lilieleza ya kwamba wagonjwa wa akili hufungwa katika nchi zipatazo 60, za Waislamu na za wasiokuwa Waislamu. Watu wa zamani walikuwa na udhuru, kwani hawakuwa na dawa ya kumtuliza mtu aliyechachamaa. Dawa ya kwanza ya namna hiyo ilianza kutumika Paris mwaka 1952, na tangu hapo zimepatikana nyingine nyingi. Afungaye mtu leo kabla ya kumfikisha kwa tabibu hana udhuru ule.

MAJIBU KWA WAPINGAO

Mpinzani wa kwanza husema: Mkiwatajia watoto huzuni na kujiua, mtawatia mawazo wasiyokuwa nayo. Hofu hii ni ya mzazi, nayo yastahili jibu la hakika. Katika nchi 10 za Ulaya ulifanywa utafiti wa wanafunzi zaidi ya 11,000 katika skuli 168, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2015. Baadhi yao walifunzwa kwa mazungumzo na maigizo juu ya afya ya akili na namna ya kukabili dhiki. Wengine walibandikiwa mabango tu katika madarasa yao. Baada ya mwaka mmoja, waliojaribu kujiua katika wale waliofunzwa walikuwa wachache kwa kadiri ya nusu kuliko wale wa mabango. Basi kufunzwa kwa taratibu hakukuwasha moto, kulipunguza.

Mpinzani wa pili husema: Watoto watajipa majina ya magonjwa, na kila mwenye kununa atasema ana sonona. Neno hili lina sehemu ya haki. Na katika Uingereza utafiti wa wanafunzi zaidi ya 8,000, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha ya kwamba masomo ya kuketi na kutuliza fikira waliyopewa watoto wote hayakuwafaa zaidi kuliko masomo yao ya kawaida. Hii ni dalili ya kwamba si kila kiitwacho somo la akili kina manufaa. Lakini dawa ya somo baya ni somo zuri lenye mwalimu ajuaye. Mtoto afunzwe tofauti ya huzuni ya kawaida, ipitayo kama wingu, na ile ikaayo ikamzuia kula, kulala na kusoma; na aambiwe ya kwamba kulitaja jina la ugonjwa ni kazi ya tabibu. Hakuna aliyeacha kufunza tohara kwa kuogopa watu wa wasiwasi.

Mpinzani wa tatu husema: Elimu hii yatoka kwa wasiokuwa Waislamu. Imepokewa juu ya Imam Shafi'i ya kwamba alikuwa akiihesabu elimu ya tiba karibu ya elimu ya dini kwa utukufu, na akisikitika Waislamu kuipoteza na kuwaachia wengine. Aliyeisikitikia elimu iliyopotea hawezi kuwa radhi ikikataliwa siku irudipo mlangoni.

Na liko jambo la nne ambalo watu hawalisemi kwa sauti, nalo ni kujiua. Kuiua nafsi ni haramu na ni katika madhambi makubwa. Hili halina shaka, na mtoto afunzwe hivyo. Lakini kumwambia kijana aliyezama katika giza la sonona ya kuwa ni haramu, kisha asionyeshwe mlango wa msaada, ni kama kumfungia mtu katika nyumba iwakayo moto na kumwambia ya kuwa kuungua ni haramu. Yapasa apewe yote mawili: hukumu na mlango.

Na likitokea la kutokea, ndugu wa pwani waijue hukumu ya madhehebu yao. Aliyejiua huoshwa, akavikwa sanda, akasaliwa na akazikwa katika makaburi ya Waislamu. Ni kweli imepokewa na Muslim ya kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa mtu aliyejiua asimsalie. Lakini Imam Nawawi ameeleza ya kwamba hilo lilikuwa ni kwa kuwakemea watu wasifanye mfano wake, na ya kwamba Sahaba walimsalia. Na kama akili yake ilikuwa imeondoka, basi kalamu ilikuwa imeinuliwa, na mambo yake yako kwa Mola aliye mrehemevu kuliko mama yake. Haifai kuwaongezea wafiwa msiba wa pili kwa kuwakatia jeneza.

YAPASAYO KUTENDWA

Kwanza, baba wa nyumba. Aonapo mtoto wake amebadilika majuma mawili au zaidi, asianze kwa bakora. Amwite faraghani, amwulize kwa upole, na amsikilize mpaka amalize. Mara nyingi mtoto hunyamaza kwa kuwa alipoanza kusema alikatizwa. Na baba mwenyewe, akiwa ndiye mwenye dhiki, asione ya kuwa uanamume ni kunyamaza. Yaakub alishitakia huzuni yake kwa Mwenyezi Mungu, na wanawe walisikia kilio chake.

Pili, mwalimu wa chuo. Afikapo katika Safina mahali pa wazimu, asipite mbio. Asimame hapo siku moja au mbili, aeleze ugonjwa ni nini, asimulie habari za Ghazali, na awakanye wanafunzi na majina mabaya, kwani Mwenyezi Mungu amekataza katika Suratul Hujurat watu kudharauliana na kuitana kwa lakabu za kuudhi. Darasa moja kama hilo laweza kuokoa mgongo wa mtu na mawe ya mwaka mzima.

Tatu, waalimu wa skuli na kamati zao. Jambo hili limekwisha kujaribiwa karibu: katika Tanzania waalimu wa skuli za sekondari walifunzwa kwa muongozo uliotungwa Canada na kutengenezwa upya kwa hali za Afrika, ukiwa umetangulia kutumiwa Malawi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha ya kwamba elimu yao juu ya maradhi ya akili ilizidi, na dharau yao kwa wagonjwa ikapungua. Kama mwalimu mzima hubadilika kwa siku chache za masomo, mtoto aliye laini kama udongo wa mfinyanzi itakuwaje?

Nne, khatibu wa Ijumaa. Aitaje hospitali juu ya mimbari bila ya kuona haya: Port Reitz kwa watu wa Mombasa, Kidongo Chekundu kwa watu wa Unguja, Muhimbili kwa watu wa Dar es Salaam. Watu wakisikia majina hayo yanatajwa mahali pa heshima, wataacha kuyatumia kuwa matusi.

Tano, jamaa wa msikiti. Mgonjwa wa akili ana haki ya kuzuriwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Watu humiminika kumwona aliyevunjika mguu, na aliyevunjika moyo hupita mwaka mlango wake haujabishwa. Amri ya Mtume ya kumzuru mgonjwa haikutoa ugonjwa huu.

Mwenye kuyatenda haya hatakuwa amemwiga Mmarekani. Atakuwa amekamilisha somo aliloanzishiwa na vitabu vyake mwenyewe, likasimamishwa njiani kwa aibu isiyo na asili. Na siku ya hesabu mtoto aliyerusha jiwe huenda akasamehewa kwa udogo wake. Swali litabaki kwa aliyekuwa na elimu akamwona anarusha, akanyamaza.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Waislamu, walio wazi na waliofichwa. Awape subira wanaowauguza. Aziondoe nyoyoni hamu na huzuni. Azilinde akili za vijana. Na awajaalie waalimu na wazazi kuwa sababu ya rehema. Amin, ya Rabbal Alamin.

Wallahu aalam.